Barua za Wasomaji: Hofu ya Maji, Hofu ya Watu na Hofu ya Majibu

Barua nne zilizochaguliwa mwezi huu zimetoka kwa watu wasiojuana na wanaoishi mbali mbali, lakini zote zinahusu hofu na namna ya kuikabili. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu mwandishi wake ameeleza hali yake kwa undani ambao wengi huuficha, na kwa sababu mengi nitakayomwambia yatawafaa pia waliofuata.

Bibi Mshauri, asalaam aleikum. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Unguja, nina umri wa miaka 41, na kwetu ni Pemba. Nilipokuwa na miaka tisa nilikwenda na wenzangu kuokota kombe wakati maji yamekupwa. Hatukuangalia nyuma, maji yakajaa, yakanizoa, na mvuvi mmoja akanitoa nikiwa sijitambui. Tangu siku ile sijaingia baharini kupita vifundo vya miguu. Kwa miaka mingi nilijikaza nikapanda boti, lakini safari ya mwisho, miaka sita iliyopita, boti iliyumba sana tulipofika mkondo wa Nungwi. Nilitetemeka, nikakosa pumzi, vidole vikafa ganzi, nikaamini kwamba ninakufa mbele ya watu. Baada ya hapo nimekata tiketi mara tatu, na mara zote tatu nimerudi nyumbani kutoka bandarini. Nauli ya ndege siimudu kila mara. Mama yangu ni mzee, haoni vizuri, na kila sikukuu huuliza kama nitakuja. Watu huniambia niombe dua niache woga. Dua naomba, na woga haujaniacha. Je, nikimeza dawa ya usingizi kabla ya kupanda boti nitakuwa nimekosea?
*Mwalimu, Unguja*

Waaleikum salaam, Mwalimu. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kilichonikaa moyoni zaidi ni mama yako anayeuliza kila sikukuu. Nitakujibu nikimkumbuka yeye, kwa sababu mtu huikabili hofu vizuri zaidi anapojua ni nani anayemngojea ng'ambo.

Nianze kwa kukuondolea lawama. Waliosema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka hawakuwa wakimcheka aliyeumwa. Walikuwa wakieleza kwa usahihi jinsi tulivyoumbwa. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo amigdala, ambayo hupokea dalili ya hatari na kupiga mbiu kabla akili ya kufikiri haijamaliza kupima kama hatari ipo kweli. Homoni ya adrenalini humwagika katika damu, moyo huenda mbio, pumzi hukazana, misuli hujikaza tayari kwa kukimbia. Mtu anapopumua haraka kupita mahitaji ya mwili, kichwa huwa chepesi na vidole hufa ganzi, na hayo ndiyo yaliyokupata katika mkondo wa Nungwi. Hukuwa ukifa. Mwili wako ulikuwa ukifanya kwa nguvu zote kazi ya kukulinda dhidi ya maji yaliyokuzoa ulipokuwa na miaka tisa, kana kwamba miaka 32 iliyopita katikati haikuwapo. Ndiyo maana maneno ya watu hayakukusaidia: hofu hiyo haikuingia kwa maneno, na haitatoka kwa maneno.

Kuhusu dua, usiiache. Nakukumbusha tu ile hadithi unayoijua ya bedui aliyeambiwa amfunge ngamia wake kwanza, kisha amtegemee Mungu. Yaliyobaki katika jibu hili yanahusu kumfunga ngamia.

Sasa nakuomba utazame upya zile tiketi tatu. Wewe unaziona kama mara tatu za kushindwa, na mimi naziona kama masomo matatu uliyoufundisha mwili wako bila kukusudia. Ulifika bandarini, hofu ikapanda, ukageuka, na mara tu ulipolipa kisogo geti ukahisi nafuu kubwa, kama mtu aliyetua mzigo. Nafuu hiyo ndiyo mshahara wa kukimbia. Ubongo wako uliandika kwamba umesalimika kwa sababu hukupanda, ingawa boti zote tatu zilifika salama bila wewe. Kwa hiyo safari iliyofuata hofu ilianza mapema zaidi, pengine tangu siku ya kukata tiketi. Hofu inayokimbiwa haibaki pale ilipo. Hupanua mipaka yake, na eneo ambalo mtu anajiona salama hupungua mwaka hadi mwaka. Leo ni boti ya Pemba, kesho huenda ikawa hata kukaa ufukweni na wanao.

Njia ya kuurudisha mwili shuleni inajulikana, tena msingi wake mmojawapo uliwekwa katika bara letu. Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini, alihudumu jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili na kuwatibu askari walioathiriwa na vitisho vya vita. Hakuridhika na matokeo ya dawa walizopewa. Mwaka 1958 alichapisha kitabu kilichoeleza njia tofauti: mgonjwa huandika orodha ya mambo anayoyaogopa, kuanzia linalomtisha kidogo hadi linalomtisha kupita yote, kisha huyakaribia moja baada ya jingine huku mwili wake ukiwa umetulia. Waliomfuata wameirekebisha njia hiyo, na leo wataalamu wengi hawamtaki mtu awe ametulia kabisa kabla ya kusogea; wanamtaka asogee, akae pale pale hofu ilipo, na ajionee mwenyewe kwamba alichokitarajia hakikutokea. Lakini ngazi hiyo, ya kupanda kutoka hofu ndogo hadi kubwa, imebaki, nami nitakusaidia kuichora yako.

Chukua daftari. Weka safari ya Pemba juu kabisa na uipe 10. Kukaa Forodhani jioni ukitazama boti zikiingia na kutoka kunaweza kuwa 2. Kumsindikiza jamaa anayesafiri hadi bandari ya Malindi hapo mjini na kubaki hapo mpaka boti itoweke machoni, huenda ni 4. Kupanda mashua siku ya bahari shwari hadi Changuu, mwendo wa nusu saa hivi, pengine ni 6. Boti ya kwenda Dar es Salaam, ambayo safari yake ni fupi kuliko ya Pemba, pengine ni 8. Namba hizi ni zako kuzibadilisha. Nisichotaka ubadilishe ni kanuni hii: ukishafika kwenye ngazi, usiondoke hofu ikiwa kileleni. Hofu hupanda, hufika mahali ikashindwa kupanda zaidi, kisha hushuka, kwa sababu mwili hauwezi kubaki katika mbiu ya hatari bila kikomo. Anayeondoka wakati wa kupanda hujifunza kwamba kuondoka ndiko kulikomwokoa. Anayesubiri, hata kama ni dakika 40 za kutetemeka kwenye kiti cha Forodhani, hujifunza jambo ambalo hakuna mtu angeweza kumwambia akaliamini.

Kabla ya kila hatua, andika unachoamini kitatokea, kwa maneno bayana: "Nitazimia," "Nitapiga kelele," "Mashua itapinduka." Ukirudi, andika kilichotokea. Rudia hatua hiyo hiyo siku nyingine, kwa saa nyingine, na mtu mwingine au peke yako, kwani usalama unaojifunza mahali pamoja haupokelewi na ubongo kama kweli ya kila mahali. Pumua kwa kutoa hewa polepole zaidi kuliko unavyoiingiza. Kama una ugonjwa wa moyo au pumu, muone daktari kwanza.

Jibu la swali lako la dawa ya usingizi limekwisha kuonekana. Ukilala kuanzia Malindi hadi bandari ya Mkoani, Pemba, utakuwa umemfikia mama, na hilo si jambo dogo, lakini ubongo wako utakuwa haukuiona safari. Utaamka ukiogopa vile vile, na sasa utaamini kwamba bila kidonge ungekufa. Tena dawa za usingizi hazimezwi bila maelekezo ya daktari, sembuse ndani ya chombo ambacho abiria anapaswa kuwa macho ili asikie maelekezo ya mabaharia. Dawa ya kichefuchefu uliyoelekezwa na mtaalamu ni jambo jingine, nayo haina ubaya.

Liko jambo ambalo hukuliuliza na ambalo naliona ndilo kiini. Hofu yako haikuanza na boti; ilianza na maji, na mpaka sasa maji hujawahi kukutana nayo tena. Ningependa ujifunze kuelea. Sisemi uwe muogeleaji wa mbio. Nasema uelee chali, uso ukitazama juu, na upumue. Mapafu yaliyojaa hewa huufanya mwili uwe mwepesi kuliko maji, na maji ya chumvi hubeba zaidi kuliko maji baridi. Anayezama upesi mara nyingi ni yule anayepigapiga mikono na kuinua kichwa kwa nguvu, kwa sababu kila kiungo anachokitoa nje ya maji kinakuwa mzigo kwa viungo vilivyobaki chini. Nenda na mwanamke mwenzako anayejua kuogelea na unayemwamini. Kama sitara ndiyo iliyokuzuia, jua kwamba huko Nungwi mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya kuogelea yanayofunika mwili mzima, na miongoni mwa walimu wao walikuwamo wanawake wa hapo hapo. Anza maji yakiwa magotini, kisha kiunoni. Siku nyingine tia uso majini na upulize mapovu, kama mtoto. Siku nyingine jilaze huku mkono wa mwenzako ukiwa chini ya mgongo wako, na mwache auondoe pale tu utakapomwambia.

Usichague siku ovyo. Wewe uliumizwa na maji kujaa, kwa hiyo elimu ya maji kujaa ni sehemu ya tiba yako. Maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa katika pwani yetu huweza kufikia mita 4, na mikondo huwa na nguvu. Wakati wa maji mafu tofauti ni ndogo na bahari ni mpole. Mtoto wa miaka tisa hakuyajua hayo. Mwalimu wa miaka 41 anaweza kuyajua kama mvuvi yeyote, na atakapoyajua, bahari itaacha kuwa kitu kinachomvamia bila taarifa.

Nisingekuwa mkweli kama ningekuambia kwamba kila hofu ya chombo ni ung'ongo. Mv Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi tarehe 10 Septemba 2011 ikiwa imebeba watu wengi kupita uwezo wake, na miezi kumi baadaye, tarehe 18 Julai 2012, Mv Skagit ikazama karibu na Chumbe. Hatuna haki ya kumwambia mtu wa visiwa hivi kwamba anaogopa bure. Ndiyo maana nataka utenganishe hofu inayokupa taarifa na hofu inayokufunga miguu. Ya kwanza ina maswali yanayojibika: chombo kimejaza kupita kiasi? Majaketi ya kujiokolea yako wapi, na yanatosha? Mamlaka ya Hali ya Hewa imetoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi? Ukipata majibu mabaya, shuka, na usione haya. Hapo kurudi nyumbani si kukimbia. Ukipata majibu mazuri na miguu bado ikagoma, basi unayezungumza naye ni yule mtoto wa miaka tisa, na yeye hujibiwa kwa ngazi. Kwa safari ya kwanza ya Pemba ngoja upepo wa kusi upungue. Miezi ya maleleji, pepo zinapobadilika, na sehemu kubwa ya kaskazi bahari huwa nafuu.

Hofu itarudi mara moja moja, hasa ukikaa muda mrefu bila kusafiri. Ikirudi, shuka ngazi mbili na uanze kupanda tena, nayo mara ya pili huchukua muda mfupi zaidi. Lakini kama unaota ndoto za kuzama, au picha za siku ile zinakuvamia mchana ukiwa darasani, usibebe mzigo huu peke yako. Hospitali ya Kidongo Chekundu ina wahudumu wa afya ya akili, na kwenda huko si aibu. Aibu ni yetu sisi tunaowacheka wanaokwenda. Mpigie simu mama leo, umwambie kwamba umeanza safari, na kwamba safari hii itachukua miezi kadhaa.

Shikamoo mama. Mimi ni baba wa watoto watatu, naishi Ukerewe. Mwanangu wa kiume ana miaka sita na anaogopa ziwa. Tukimsogeza majini hulia mpaka anatapika. Mimi nilipokuwa na umri kama wake mjomba alinitupa ziwani kutoka kwenye mtumbwi, nikanywa maji, nikajifunza siku ile ile. Nataka nimfanyie hivyo hivyo. Mke wangu anakataa na tumegombana. Nani ana haki?
*Baba, Ukerewe*

Marahaba, mwanangu. Katika lengo una haki wewe. Katika njia ana haki mkeo.

Lengo lako nalitetea kwa nguvu zote. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Wewe ni mtu wa Ukerewe na huhitaji takwimu za mbali. Unakumbuka tarehe 20 Septemba 2018, Mv Nyerere ilipopinduka ikiwa imekaribia kabisa kufika gatini Ukara, wakafa zaidi ya watu 200 ufuko ukiwa unaonekana kwa macho. Mtoto anayekulia kisiwani bila kujua kuogelea anakua na pengo ambalo siku moja linaweza kumgharimu uhai.

Lakini kumtupa, hapana. Wewe ulitupwa ukajifunza, na unasimulia. Walio wengi ambao walitupwa wakaogopa maji maisha yao yote hawasimulii, kwa sababu hakuna anayejivunia hilo. Rudi usome barua ya kwanza hapo juu: mwanamke huyo naye maji yalimchukua ghafla akiwa mdogo, na miaka 32 baadaye hawezi kwenda kumwona mama yake. Tukio ni lile lile, matokeo yakawa mawili, na hakuna mzazi anayeweza kujua mapema mwanawe ataangukia upande gani. Mwanao ambaye tayari analia mpaka anatapika ameshakuonyesha anakoelekea. Zaidi ya hayo, atajifunza kwamba mkono wa baba unaweza kumwachia, na sioni faida ya kuogelea inayolipa hasara hiyo.

Mwaka 1924 mwanasaikolojia wa Marekani, Mary Cover Jones, alichapisha alichokiona alipojaribu njia mbalimbali za kuwaondolea watoto wadogo hofu. Kungoja hofu iishe yenyewe hakukusaidia. Kumweleza mtoto kwa maneno hakukutosha. Kumcheka na kumtania hakukusaidia. Zilizofaa kwa hakika ni mbili: kukiunganisha kile anachokiogopa na kitu anachokipenda, kwa umbali ambao mtoto anauvumilia, na kumweka pamoja na watoto wenzake wasiokiogopa kitu hicho. Mtoto mmoja aliyeitwa Peter katika maandishi yake aliogopa sungura. Aliletewa sungura akiwa mbali wakati yeye akila chakula anachokipenda, siku hadi siku sungura akasogezwa, mpaka mwisho Peter akamchezea kwa mikono yake.

Fanya hivyo. Nenda naye ufukoni bila kumtaka aingie, mle pamoja karanga au samaki wa kuchoma mkiwatazama watoto wengine wakicheza. Majuma yanayofuata acha miguu yake iguswe na wimbi huku ukiwa umemshika, na ukimwahidi kwamba hutamwachia, usimwachie, hata kwa mzaha. Binamu anayeogelea atakusaidia kuliko mahubiri yako yote. Msogeze mwanao kidogo kidogo, na mruhusu aseme basi. Ila akisema basi, mbaki hapo hapo mpaka machozi yakauke, ndipo mwondoke. Chagua mahali palipo wazi na pasipo na magugu, kwa sababu ya mamba na kwa sababu konokono wanaoeneza kichocho hupenda kingo zenye majani; na kama mna uwezo wa kumpeleka kwenye bwawa la kuogelea Mwanza wakati wa likizo, hapo ni pazuri zaidi kuanzia. Mkeo mwambie kwamba yeye ndiye atakayesema ni lini hatua inayofuata inafaa. Ugomvi wenu utakwisha hapo.

Shikamoo Bi Mkubwa. Nina miaka 29, nipo Tanga. Rafiki yangu wa tangu utotoni ameniomba niwe mshenga wake. Nikifikiria kukaa mbele ya wazee wa upande wa pili na kuzungumza, mikono inalowa jasho. Shuleni niliwahi kusahau shairi jukwaani, wakacheka, na tangu hapo nimekwepa kila shughuli ya kusema mbele za watu, hata kazini. Nimkatalie?
*Kijana, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Usimkatalie. Umeombwa jambo la heshima, na hadhira yake ni wazee sita au saba kwenye jamvi, si ukumbi wa mamia. Hiyo ni ngazi nzuri sana kwako, pengine nzuri kuliko utakayoipata tena kwa muda mrefu.

Wazee wanaopokea posa hawasikilizi ufasaha. Wanatazama kama mjumbe ana adabu, kama anaijua familia iliyomtuma, na kama anaweza kuulizwa swali gumu bila kupandisha sauti. Kijana anayesema polepole na kunyamaza kidogo kabla ya kujibu huonekana mtu mzima. Kwa hiyo kasoro unayoiogopa, katika shughuli hii, iko karibu na sifa.

Jifunze kwa moyo sentensi tatu za kwanza tu: salamu, jina la anayekutuma na ukoo wake, na ulichotumwa. Hofu ya kusema huwa kali zaidi mwanzoni, na ukivuka hapo ukiwa na maneno tayari mdomoni, mwili huanza kutulia. Yaliyobaki usiyakariri neno kwa neno, maana shairi lililosahaulika lilisahaulika kwa sababu lilikaririwa. Yajue kama mtu anavyoijua njia ya kwenda kwao. Yaseme kwa sauti, si kichwani, mbele ya mama yako, kisha mbele ya wajomba wawili, kisha mwombe mzee mmoja mkali wa ukoo wenu akuulize maswali ya mahari na kishika uchumba kana kwamba yeye ndiye baba wa binti. Fanya hivyo mara tano au sita kabla ya kupeleka barua ya posa.

Siku yenyewe moyo utakwenda mbio. Usijiamuru kutulia. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, watu waliotakiwa kuhutubia waliojiambia kwamba wana hamasa walifanya vizuri kuliko waliojiambia watulie, kwani mwili ulioamka ni rahisi kuugeuza uelekee shauku kuliko kuulaza. Nawe una sababu ya kweli ya shauku: rafiki yako anataka kuoa, na kati ya watu wote amekuona wewe unafaa kumsemea. Ukirudi, tafuta kikao kimoja kazini ambacho utauliza swali moja, na usikiache kipite mwezi huo huo, kabla hofu haijarudi kukalia kiti chake.

Mama, sitaandika mengi. Nina miaka 38. Miezi minne iliyopita niligusa uvimbe kwenye titi langu la kushoto. Sijamwambia mtu. Naogopa majibu.
*Msomaji, Dar es Salaam*

Mwanangu, wengine wote hapo juu nimewaambia waende hatua kwa hatua. Wewe sikuambii hivyo.

Uvimbe mwingi unaogunduliwa kwenye matiti si saratani, na huenda wako ni mmojawapo. Kama ni saratani, ikigunduliwa mapema ina nafasi kubwa ya kutibika, na kila mwezi unaopita huipunguza nafasi hiyo. Majibu unayoyaogopa hayaletwi na daktari. Kilichomo kimo tayari, na kupimwa hakutakiongeza. Kitu pekee kinachobadilika kwa kungoja ni muda ulionao. Miezi minne umebeba siku baada ya siku hofu ambayo ungeweza kuibeba kwa juma moja.

Usingoje hofu iishe ndipo uende, kwa sababu haitaisha ukiwa nyumbani. Nenda nayo. Leo usiku, mwambie mtu mmoja, dada au rafiki, maneno haya tu: "Nina uvimbe, naomba unisindikize." Kesho asubuhi nendeni kwenye kituo cha afya au hospitali iliyo karibu nanyi, umweleze mhudumu tangu lini umeuona, kama umekua, kama kuna maji au damu inayotoka kwenye chuchu, kama kwenu kuna aliyewahi kuugua saratani ya titi. Watakupima, na wakiona inahitajika watakuandikia rufaa, huenda ukafika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road hapo hapo mjini. Ukiambiwa kuna kuchukuliwa kinyama kwa ajili ya kipimo, kubali. Mwenzako aingie nawe ndani na aandike mtakayoambiwa, kwa maana mwenye hofu husikia nusu.

Kisha uniandikie tena, majibu yakiwa yoyote. Barua yako nitaifungua kabla ya nyingine zote.